Heroe Elfu Tisa wa Ras Chondo

Iko nchi moja, na kabla hamjaanza kutazamana niseme mapema kuwa si hii yetu. Hii yetu ina bahari upande wa mashariki. Ile nayo ina bahari upande huohuo, lakini samaki wake wakiona gari la serikali hupiga saluti. Basi hizo ni nchi mbili tofauti, na atakayezifananisha ni juu yake.

Katika nchi ile, kwenye ncha ya pwani, ipo Hifadhi ya Taifa ya Ras Chondo. Ina mikoko, ina hori pana la tope linalojaa na kupwa mara mbili kwa siku, ina kima, kenge, paa wachache wenye haya, na ndege. Mgeni akifika langoni hupewa Fomu Namba Nne, akaulizwa amekuja kuona nini. Akiandika kenge, ataonyeshwa kenge. Ikitokea furukombe akapita juu yake wakati huo, mgeni huyo anatakiwa ainamishe kichwa mpaka ndege apite, kwa kuwa hakumwombea kibali. Kuona usichokiombea huitwa kuona kwa magendo, na babu mmoja mstaafu alishikiliwa siku mbili kwa sababu ya mdiria aliyetua kwenye kofia yake.

Mwenye kazi ya kuhesabu ndege hapo alikuwa Bi Mize Makame, mjane mtu mzima, mwembamba, mwenye miguu iliyokwisha kuzoea tope kuliko sakafu. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hiyo. Maji yakipwa, hukaza kanga kiunoni, akachukua fimbo yake na darubini yake ya jicho moja (jicho la pili lilipelekwa makao makuu kutengenezwa, likapata cheo huko, halikurudi), akaingia horini. Aliwahesabu mnandi, akawahesabu kulastara na membe, lakini roho yake ilikuwa kwa heroe, wale ndege warefu wa waridi wanaokula wameinamisha vichwa kana kwamba wamedondosha kitu cha thamani topeni.

Alipoanza kazi, heroe wa Ras Chondo walikuwa hawahesabiki kwa siku moja. Kisha likachimbwa gati upande wa kusini, yakaja mabwawa ya chumvi upande wa kaskazini, na kila mwaka fungu likapungua. Mwaka ninaousimulia walibaki thelathini na saba. Bi Mize aliwajua kama mtu anavyowajua majirani wa ukuta mmoja: nani mgomvi, nani mlafi, nani mjane mwenzake.

Ubaya ni kwamba sheria ya nchi ile ilisema hifadhi ya ndege yenye heroe chini ya mia tano si hifadhi tena, ni pori tupu, na pori tupu hupewa mwekezaji. Mwekezaji mwenyewe alikuwa amekwisha kuja. Ni yule mwenye mabwawa ya chumvi ya kaskazini, na alikuwa amepigilia vigingi hadi ukingoni mwa hori, akawa anakaa kwenye kiti chini ya mwavuli akingoja hesabu ya mwaka kama mtu anayengoja mgonjwa wa jirani akate roho ili apate kitanda. Hori likigeuzwa bwawa la chumvi, wale thelathini na saba hawana pengine pa kutia mdomo. Pwani nzima ilikuwa imekwisha.

Bi Mize hakuwa mwongo. Hata umri wake aliutaja sawasawa. Lakini siku ile alikaa na karatasi yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaandika thelathini na saba, akafuta, akaandika mia sita.

Askari wa lango, Shomvi Tambaza, alimchungulia begani. Shomvi alikuwa mtani wake. Yeye mtu wa bara, Bi Mize mtu wa visiwani, na huko watu hao wana ruhusa ya kusemana lolote hata mbele ya jeneza. Akamwambia kwamba ndiyo maana watu wa visiwani hawaendelei, wanadanganya kwa aibu; mtu wa bara angeandika elfu na akaomba na shukurani juu.

"Mia sita zinatosha," alisema Bi Mize. "Sitaki makuu. Nataka tu wasinyang'anywe tope lao."

*

Sasa, katika nchi ile kuna adabu moja ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo mtadhani watu wale ni wajinga, na sivyo. Ni watu wenye heshima kupindukia. Huko, ukipewa kitu umpelekee mkubwa, huwezi kukifikisha kama ulivyokipokea. Ukitumwa sahani ya pilau, unaongeza nyama kutoka sahani yako. Ukitumwa salamu, unaongeza salamu. Basi na hesabu vivyo hivyo. Kumfikishia bosi idadi ileile uliyoletewa na mtu wa chini yako ni kumwambia kuwa wewe na yule wa chini mko sawa, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

Karatasi ya Bi Mize ilikuwa na meza saba za kupita. Bwana wa wilaya aliona haya kupeleka mkoani namba iliyotoka kwa mwanamke mwenye tope magotini, akaweka mia tisa. Mkoa ukatia heshima yake, ikawa elfu moja na mia nane. Kanda, ambayo ilikuwa na ugomvi na kanda jirani, ikaweka elfu tatu. Hapo hesabu ikashika njia ya lami. Ilipoingia mlangoni kwa Waziri wa Vivutio ilikuwa elfu tisa na mia nne, imepigwa chapa, imejaladiwa, ina picha ya Waziri mwenyewe katika ukurasa wa mbele akiwa amebeba njiwa.

Bi Mize alizisikia habari hizo kwenye redio ya lango, akinywa chai na Shomvi. Waziri alikuwa bungeni. Alisema kwamba wakati nchi nyingine zinalalamika kupotea kwa ndege, heroe wa nchi hii, kwa kuridhishwa na uongozi uliopo, wamezaana kwa kasi ambayo sayansi bado inaitafutia maelezo. Wabunge wakapiga meza kwa dakika tisa, na mmoja akateguka kifundo cha mkono, akapewa nishani.

Bi Mize aliweka kikombe chini, akageuka kulitazama hori, kana kwamba huenda hao elfu tisa wameingia nyuma ya mgongo wake. Palikuwa na wale wale. Wawili walikuwa wanagombea kidimbwi.

"Hongera, mtani," alisema Shomvi. "Umezaa."

Alicheka, naye Bi Mize akacheka, maana siku hiyo mambo yalikuwa mazuri. Mwekezaji alikunja mwavuli wake na kiti chake, akaondoka kwa hasira. Hori limepona. Usiku ule Bi Mize alilala usingizi wa mtoto mchanga, na hiyo ndiyo mara ya mwisho nitakayokuwa na habari nzuri ya kuwaambieni.

*

Mwezi haukuisha, wakaja wataalamu. Walikuwa watatu, wamevaa makoti meusi kwenye jua la pwani, na pamoja nao Bwana Tumbwene Kalolo, Katibu Msaidizi wa Viumbe vya Mabawa. Huyu Bwana Kalolo alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na alijulikana kwa kutowahi kukosea, kwa kuwa hakuwahi kufanya jambo lolote bila barua ya mtu mwingine.

Walipima hori kwa kamba. Wakagawanya, wakazidisha, wakatoa jibu: hori la Ras Chondo linatosha heroe elfu tano, hata mmoja zaidi ni hatari. Elfu tisa na mia nne ni msongamano wa kitaifa. Bi Mize alijaribu kuwaomba watazame wenyewe, maana ndege walikuwa palepale, mwendo wa kutupa jiwe. Mtaalamu mkuu akainua darubini, akatazama kwa makini, akawaona wawili watatu wamesimama kwa mguu mmoja kama ilivyo desturi ya heroe tangu Mungu awaumbe.

"Oneni wenyewe, waheshimiwa," alisema kwa huzuni ya kisomi. "Ndege hana hata pa kuweka mguu wa pili."

Wakaandika.

Amri ya Waziri ilikuwa ya huruma. Ilisema wapunguzwe heroe mia moja tu, kwa majaribio, kisha tuone. Lakini ile adabu ya nchi haichagui njia. Ikipanda inaongeza, ikishuka inaongeza. Kurugenzi haikutaka kuonekana mvivu mbele ya amri ya Waziri, ikafanya mia tano. Kanda ikafanya elfu moja na mia mbili. Amri ilipotua langoni kwa Shomvi ilisema elfu tatu, wapunguzwe kwa risasi, tarehe ishirini na nane ya mwezi, na wananchi waombwe kushangilia.

Shomvi aliisoma mara mbili, akampelekea Bi Mize bila neno la utani. Bi Mize akaelewa kwamba kuna tatizo.

*

Aliondoka siku hiyohiyo kwenda wilayani, ambako Bwana Kalolo alikuwa amepanga kwenye nyumba ya wageni ya serikali. Alimkuta barazani anakula papai. Hakuzunguka. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyedanganya, kwamba mia sita zilikuwa za uongo na hizo elfu tisa hajui zimetoka wapi, kwamba heroe wa Ras Chondo ni thelathini na saba kwa majina, na kikosi kikija kitawamaliza.

Bwana Kalolo aliendelea na papai mpaka likaisha. Kisha akafuta mikono, kidole baada ya kidole.

"Mama," alisema, "thelathini na saba umewaona wewe peke yako, ukiwa topeni. Elfu tisa wamepigiwa meza na Bunge zima. Sasa nikuulize, kwa heshima zako zote: unataka mimi niende nikawaambie wabunge warudishe makofi?"

"Nataka uje uwaone, mheshimiwa. Ni nusu saa tu."

"Nikiwaona, nitakuwa nimewaona. Kesho nikiulizwa nitasema nini?" Akamsogezea kiti kwa upole kabisa. "Andika barua. Barua ni kitu kizuri. Ipite ngazi zake."

Bi Mize aliandika pale pale barazani. Nimeambiwa na aliyeiona kwamba ilikuwa na mistari mitatu. Mimi Mize Makame nilidanganya. Heroe ni thelathini na saba. Nifungeni, lakini msiwapige. Akaitia sahihi, akaitia na dole gumba kwa kuongezea uzito.

Barua ikaanza kupanda. Meza ya kwanza iliona kwamba neno nilidanganya ni la ukali, halifai kupandishwa kwa wakubwa wenye shinikizo la damu, ikaweka nilikadiria. Meza ya pili ikaongeza: kwa unyenyekevu. Ya tatu ikaona thelathini na saba ni idadi isiyo na adabu, ikaifanyia ihsani. Ya nne ilifika kwenye nifungeni, ikatafakari sana, ikaandika kwamba mtumishi huyu yuko tayari kwa lolote. Ya tano ikatafsiri msiwapige kuwa msiwapige kwa kuchelewa. Barua ilipomfikia Waziri ilikuwa ya kurasa nne, inamshukuru kwa ujasiri wake, na inamwomba, kwa niaba ya watumishi wote wa Ras Chondo, kazi ifanywe haraka.

Waziri aliguswa. Inasemekana alitoa leso. Akaamuru tarehe ya kikosi irudishwe nyuma wiki nzima, na mtumishi mwenye uzalendo namna ile apewe cheti mbele ya watu.

*

Basi asubuhi ya tarehe ishirini na moja Bi Mize aliitwa wilayani akapokee cheti. Yeye alidhani anakwenda kufungwa. Alivaa nguo safi, akafunga kanga mbili za kubadilisha na dawa zake za mgongo, akamwachia Shomvi funguo za nyumba, akapita ukingoni mwa hori kuwaangalia ndege wake mara moja. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Alisema kama ni jela, basi jela. Angalau barua imesomwa.

Alisimamishwa jukwaani. Palikuwa na kwaya, palikuwa na hotuba ya Bwana wa Wilaya juu ya umuhimu wa takwimu katika malezi ya vijana. Bi Mize alingoja pingu. Akapewa cheti chenye fremu ya dhahabu, kilichoandikwa: Kwa Kuomba Kazi Iharakishwe. Alikisoma palepale mbele ya watu, mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu. Kisha akashuka jukwaani kwaya ikiwa bado katikati ya ubeti, akaanza kukimbia.

Pikipiki iliyompakia ilikuwa imefika kwenye mikoko ya kwanza aliposikia milio. Haikuwa mingi. Kikosi kilikuwa na bunduki arobaini na shabaha nzuri. Walikuwa wamejiandaa kwa heroe elfu tatu, na wale thelathini na saba waliwatosha kwa muda wa kuchemka birika.

Aliyeyashuhudia hayo ni Shomvi, naye alinisimulia bila kupamba. Anasema heroe hawakujua. Kwa miaka ishirini na sita mtu aliyeingia horini alikuwa Mize, kwa hiyo walipoona watu wanaingia walinyanyua vichwa tu, wakarudi kula.

Baadaye kamanda alisimama ukingoni na daftari lake akiwa na wasiwasi. Alikuwa anadaiwa ndege elfu mbili mia tisa sitini na watatu. Akamuuliza Shomvi wengine wako wapi.

"Wameona wenzao, afande," alijibu Shomvi. "Wamepungua wenyewe."

Kamanda akaandika hivyo. Akashukuru kwa ushirikiano.

Bi Mize na Shomvi waliwakusanya jioni ile maji yalipopwa, wakawapanga kwenye jamvi. Kwa desturi za huko, mtani ndiye anayetakiwa kusema upuuzi kwenye msiba, ili mwenye msiba asife naye. Shomvi alitafuta neno, akalikosa, akatafuta jingine. Mwisho akasema, "Lakini mtani, na wewe ndege wako. Miguu yote hiyo, na bado wameshindwa kukimbia."

Bi Mize alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope na nguo zake safi za jela, na hapo Shomvi akageuka akatazama baharini, kwa kuwa kile alichokuwa akikisikia hakikuwa kicheko tena.

*

Sasa Ras Chondo ikang'ara. Idadi rasmi ikatangazwa katika Gazeti la Serikali: heroe elfu sita na mia nne, wasiongezeke wala kupungua mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Ikaletwa samani. Likajengwa jukwaa la kutazamia lenye paa na viti vya kuzunguka. Akapangiwa hapo askari mmoja wa kudumu mwenye bunduki, cheo chake Mlinzi wa Idadi, kazi yake kuhakikisha takwimu haivunjwi.

Mabasi ya watalii wa ndani yakaanza kumiminika. Mgeni hujaza Fomu Namba Nne, huandika heroe, hukaa jukwaani, hutazama tope kwa robo saa, halafu hutia sahihi kwamba ameona. Wa mwanzoni walisitasita. Lakini ilipoamriwa kwamba asiyeona apelekwe kupimwa macho katika hospitali ya kijeshi, macho ya taifa yakaimarika ghafla. Wengine wakaanza kuona hadi vifaranga. Mwalimu mmoja aliandika insha nzima juu ya rangi zao.

Bi Mize akabaki kazini. Mtu mwenye cheti haachishwi. Kila maji yakipwa alikaza kanga, akashuka horini na fimbo yake, akatembea hadi ng'ambo na kurudi, akaandika idadi aliyopewa. Alikuwa hasemi sana. Shomvi akimtania alijibu, lakini kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Asubuhi moja katika mwezi wa Rajabu jukwaa lilijaa. Bwana Kalolo alikuwa ameleta wake za wakubwa, wamevaa miwani mikubwa ya jua. Alikuwa anawaeleza namna ya kuwatofautisha madume na majike, na wao wanaitikia, wengine wanaonyesha kwa vidole, pale, pale, yule mwenye madoa. Bi Mize alikuwa katikati ya hori, maji yanamfika magotini.

Ndipo akatokea heroe.

Alikuwa mtoto bado, hajapata rangi, wa kijivu kama majivu ya jiko. Alitoka upande wa kaskazini, juu ya mabwawa ya chumvi, anaruka kwa taabu kama aliyekesha angani. Akazunguka hori mara moja. Akatua hatua ishirini kutoka aliposimama Bi Mize, akatikisa mbawa, akainamisha kichwa, akaanza kula.

Jukwaani vidole vikashuka. Kisha mmoja wa wale wake za wakubwa akavua miwani taratibu, akasema, "Jamani. Yule yupo kweli."

Bwana Kalolo alifungua jalada lake. Akatazama Gazeti la Serikali, akamtazama ndege, akatazama tena Gazeti. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye huruma aliyefungwa mikono. Akamgeukia askari aliyekuwa anakunywa chai kwenye ngazi, akamwambia kwa sauti yake laini: "Mlinzi. Idadi imezidi mmoja."

Bi Mize alisikia. Maji husafirisha sauti vizuri. Alimwona mlinzi anaweka kikombe chini, anapangusa mdomo, anachukua bunduki. Akamtazama ndege, ambaye naye alimtazama kwa jicho la manjano lisilo na habari yoyote.

Basi yule mwanamke, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuinua mkono mbele ya ndege, aliitupa darubini majini, akaanza kukimbia. Alikimbia akipiga maji kwa fimbo, akipiga makelele ya mtu aliyevamiwa na nyuki, akiinama kuzoa tope na kulirusha. La kwanza lilikosa. La pili likampata heroe ubavuni. Ndege akashtuka, akachapuka juu ya maji hatua tano sita, akainuka.

"Nenda," alisema Bi Mize, pumzi zimemwisha. "Nenda, mwanangu, usirudi hapa."

Jukwaa lilipasuka kwa makofi. Walidhani ni onyesho, na kusema kweli lilikuwa bora kuliko yote waliyowahi kuandaliwa.

Heroe alipanda akaelekea kaskazini. Akafika juu ya mabwawa ya chumvi, akateremka kidogo, akaona ni meupe na hayana uhai, akapanda tena. Akapinda kusini mpaka kwenye gati, kwenye vyuma na moshi, akageuka. Akaenda upande wa bahari, akawa nukta, na Bi Mize akashika kifua.

Kisha nukta ikaanza kukua. Alirudi polepole, mbawa zimechoka. Akazunguka hori mara moja kama alivyofanya mwanzo, akanyoosha miguu, akatua palepale, hatua ishirini kutoka kwa Bi Mize.

Bi Mize akainama tena kuchota tope.